Kwa nini losheni ya nyumbani hukatika, na ni nta ipi inayoishika

Kila mpishi wa Pwani anajua kwamba tui la nazi ni mafuta na maji yaliyopatana kwa muda tu. Likitoka kwenye kifumbu huwa jeupe na limeshikana, likiachwa bakulini usiku kucha mafuta hupanda juu na maji hubaki chini, na likichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa hukatika mbele ya macho ya mpishi. Tunaanza na tui kwa sababu malalamiko tunayoyapokea mara nyingi zaidi katika duka letu la malighafi za sabuni na vipodozi, hapa mjini Mombasa karibu na Marikiti, yanahusu losheni iliyofanya vivyo hivyo: ilikuwa nzuri jioni ilipotengenezwa, na asubuhi yake ikawa maji chini na mafuta juu.

Mama mmoja kutoka Likoni alivuka feri kuja kwetu akiwa na chupa sita za losheni aliyowatengenezea wageni wa harusi ya binti yake. Alikuwa ametumia mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, marashi ya mawaridi, na nta aliyoinunua kwa bei ya juu, na bado kila chupa ilikuwa na matabaka mawili. Alipotuonyesha kipande cha nta kilichobaki, kilikuwa cha manjano na kilinukia asali. Hapo tatizo lilijieleza lenyewe. Maelezo aliyoyafuata yalitaja "nta" bila kusema nta ya aina gani, naye akanunua nta ya nyuki, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Nta ya nyuki ni kitu chema, na sisi wenyewe tunaiuza kwa ajili ya mafuta ya midomo na marhamu, lakini kazi yake ni kuyagandisha mafuta. Haina uwezo wa kuyashikanisha na maji. Ni kweli kwamba tangu karne ya 2 daktari Mgiriki aitwaye Galen anatajwa kuchanganya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya mawaridi kuwa krimu. Mchanganyiko wa namna ile, hata hivyo, haukuwa imara, na ndiyo sababu watengenezaji wa baadaye walitia buraksi, aina ya chumvi ya madini ambayo hukutana na tindikali zilizomo ndani ya nta hiyo na kuzaa aina ya sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoshika. Nta peke yake haikuweza zamani na haiwezi leo.

Nta inayohitajika kwa losheni ni nta ya kuunganishia, ambayo wateja wetu wengi wanaiita emalsifaya. Ni nyeupe, huja kama vipande vyembamba au punje ndogo, karibu haina harufu, na huyeyuka ikipita nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Ndani yake mna vitu vya aina mbili: mafuta magumu yanayoipa krimu unene, na kiunganishi chenyewe, ambacho chembe zake zina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta. Mchanganyiko ukikorogwa ungali wa moto, mafuta huvunjika kuwa matone madogo sana, chembe hizo hulizunguka kila tone, na matone hayapati tena nafasi ya kukutana na kuungana.

Kuna swali tunaloulizwa karibu kila wiki, nalo ni swali la haki. Kwenye karatasi ya nta hii huandikwa jina la setiarili alkoholi, na baadhi ya wateja Waislamu hulirudisha pakiti rafuni mara wanapolisoma. Kitu hicho si pombe ya kulevya. Ni kigumu, cheupe, chenye asili ya mafuta, mara nyingi ya nazi au mawese, na wanakemia wanakiita alkoholi kwa sababu ya umbo la molekuli yake tu. Hukumu ya dini tunawaachia masheikh. Sisi wajibu wetu ni kueleza kitu chenyewe ni nini. Lililo muhimu zaidi kuuliza ni iwapo tindikali za mafuta zilizotumika kutengeneza kiunganishi zilitoka kwa mimea au kwa wanyama, kwa kuwa zote mbili zinawezekana, na muuzaji anayejua bidhaa yake anapaswa kuwa na karatasi ya kiwanda inayolijibu swali hilo.

Jambo jingine la kuuliza ni aina ya kiunganishi. Nta inayofuata kanuni za dawa za Uingereza hutiwa sodiamu laurili salfeti, ambayo ni kitu cha kutolea povu na huweza kuiwasha ngozi nyepesi; mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu krimu yenye nta hiyo kwa watu wenye pumu ya ngozi, hasa watoto. Aina nyingine hutumia polisobeti 60 au setearethi 20, ambazo kwa kawaida ni pole zaidi. Kwa losheni ya kupakwa na kuachwa mwilini, na zaidi ikiwa ni ya mtoto, tunashauri aina hii ya pili bila kusita.

Sasa vipimo. Tafadhali pima kwa mizani, kwa gramu, hata maji, kwa sababu kijiko cha vipande vyembamba na kijiko cha punje havina uzito mmoja. Kwa gramu 500 za losheni nyepesi, chukua maji gramu 380, glisirini gramu 20, mafuta gramu 70, nta ya kuunganishia gramu 25 na kihifadhi gramu 5. Ukitaka krimu nzito, punguza maji gramu 40, ongeza siagi ya shea gramu 30 na nta gramu 10. Katika hali zote mbili nta inakaribia robo ya uzito wa mafuta na nta kwa pamoja, na kipimo hicho ndicho cha kukishika kichwani wakati unapobuni mchanganyiko wako mwenyewe.

Kosa la pili baada ya kukosea nta ni kukosea moto. Watu wengi huyeyusha mafuta na nta vizuri, kisha humimina maji ya kawaida ya chupa, na nta inapokutana na ubaridi ule huganda papo hapo kuwa chembechembe ambazo hazitalainika tena kwa kukoroga. Weka maji na glisirini katika chombo kimoja, mafuta na nta katika chombo kingine, uviweke vyote viwili ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka kipimajoto kionyeshe nyuzi 70 hadi 75 kila upande. Kisha vimimine pamoja na ukoroge kwa mashine ya mkono kwa dakika mbili au tatu, upumzike, ukoroge tena, na uendelee kukoroga polepole kwa mwiko safi kadiri unavyopoa. Mwiko peke yake tangu mwanzo mara nyingi hautoshi, kwa kuwa hauyavunji matone kuwa madogo ya kutosha.

Mchanganyiko wa moto huwa mwepesi kama maziwa, na hapo ndipo wengi huogopa na kuongeza nta. Tunawaomba wasubiri. Nta hii huendelea kuganda kwa saa nyingi, na unene wa kweli huonekana kesho yake. Aliyeongeza nta usiku huamka na kitu kigumu kinachoacha weupe juu ya ngozi.

Hapa Mombasa faida ya nta hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, kwa hiyo huku kwetu hubaki maji karibu mwaka mzima, wakati Nairobi hayo hayo huganda kama samli. Ndiyo maana mafuta ya kupaka ya shea na nazi yanayosifiwa sana bara hugeuka uji katika joto la kaskazi. Losheni haitegemei kuganda kwa mafuta. Unene wake hutoka kwenye nta na jinsi matone yalivyopangwa ndani ya maji, nao hustahimili joto la chumba cha hapa, mradi chupa isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Maji ya kutumia ni maji yaliyokenekwa. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi na madini hudhoofisha mshikamano tunaoutafuta. Maji ya betri usiyaguse kabisa, kwa kuwa hayakukusudiwa ngozi, na chupa zake ni rahisi kuchanganywa na zile za tindikali.

Kuhusu kihifadhi tungependa tueleweke vizuri, maana hapa hatukubali njia ya mkato. Marhamu ya mafuta na nta peke yake hukaa bila kihifadhi kwa sababu hayana maji. Ukitia maji, umewatengenezea bakteria na koga makazi, na joto na unyevu wa Pwani huwaharakishia kazi. Losheni inaweza kuwa na vijidudu vingi kabla haijabadilika rangi wala harufu. Vitamini E si kihifadhi: huchelewesha mafuta kuchacha, lakini haiui kijidudu chochote. Mafuta ya karafuu au ya mchaichai, kwa kiasi ambacho ngozi inaweza kukivumilia, hayatoshi pia. Anayetia maji ya mwarobaini aliyoyachemsha, utomvu wa mshubiri uliotoka shambani au tui bichi ameongeza chakula cha vijidudu, na anahitaji kihifadhi zaidi ya mwingine yeyote. Sisi tunatumia kile cha fenoksiethanoli, kisichozidi asilimia 1, nacho hutiwa losheni ikiwa imepoa chini ya nyuzi 45, pamoja na marashi. Vyombo na chupa zioshwe, zipanguswe kwa spiriti na zikauke kabisa.

Anayetaka kuuza, tofauti na anayejitengenezea nyumbani, anahitaji alama ya ubora ya KEBS, yaani shirika la viwango la Kenya, na ni vyema aulizie utaratibu wake kabla ya kuchapisha lebo.

Losheni iliyokatika bila kuharibika huweza kuokolewa. Ipashe moto upya mpaka nyuzi 70, ongeza nta sahihi kwa kipimo kile cha robo, koroga kwa mashine, na utie kihifadhi na marashi upya baada ya kupoa. Chupa nne kati ya zile sita za Likoni ziliokolewa kwa njia hiyo. Mbili zilikuwa na madoa ya koga kwenye kifuniko, na hizo tulizimwaga, ingawa mwenyewe alisikitika sana, kwa sababu kuchemsha hakuondoi kila kilichoachwa humo na vijidudu.

Huduma hii ya kuangalia losheni iliyokatika tunaitoa bure Jumamosi asubuhi kwa yeyote, hata aliyenunua malighafi kwingine. Njoo na chupa ikiwa imefungwa, kipande cha nta uliyoitumia, na karatasi yenye vipimo ulivyovifuata. Hata kama viliandikwa kwa vijiko na vikombe, usivibadilishe kabla ya kutuonyesha.