Hotuba Yako Iweke Kabatini

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifika, na kicheko kilinitoka kabla ya huruma. Ami zako wawili hawaamkiani tangu Ramadhani kwa ajili ya shamba la minazi la marehemu babu yenu, sasa wamekubali uwasuluhishe, na wewe umeketi kuandika hotuba! Hotuba hiyo iweke kabatini kwanza.

Wajua nimekumbuka nini? Februari 2008, hapa barazani petu, tukimngoja msuluhishi Kofi Annan atoe habari, kama watu wangojavyo mwezi uandame. Kenya ilikuwa inawaka tangu matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yatangazwe. Waliokufa walipita elfu moja, waliofukuzwa makwao ni mamia ya maelfu. Rais John Kufuor wa Ghana alishakuja kusuluhisha, akarudi mikono mitupu.

Annan hakuanza kwa kuuliza nani kaiba kura. Alianza kwa kuwapeanisha mikono Rais Kibaki na mpinzani wake Raila, Januari 24. Hata hapo kitumbua kiliingia mchanga: Kibaki akajiita rais aliyechaguliwa kihalali, upande wa pili ukaja juu. Basi nawe upime ulimi. Ukitamka tu “shamba la Ami Mkubwa” badala ya “shamba la babu”, umeshahukumu.

Baadaye Annan akawatoa wajumbe wa pande mbili Nairobi, akawapeleka Kilaguni, kule Tsavo Magharibi, mbali na waandishi wa habari. Napenda sana akili ile. Mtu uliyembwatukia asubuhi, mchana mnakutana naye kwenye chakula, na nje ndovu wanakunywa maji bila habari na katiba ya mtu.

Lakini wajumbe walizidi kuvutana juu ya mamlaka ya Waziri Mkuu, cheo kipya alichotakiwa kupewa Raila, na Februari 26 Annan akayasimamisha mazungumzo. Hapa barazani tulisema basi, mzee kachoka. Kumbe alikuwa anawaruka wajumbe aende kwa wenye ugomvi wenyewe. Alhamisi tarehe 28 wakafungiana Harambee House, ofisi ya Rais: Kibaki, Raila, Annan, Mkapa rais wenu mstaafu, na Kikwete wenu, aliyekuwa rais wa Tanzania na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Kikwete ndiye aliyemweleza Kibaki, rais kwa rais, jinsi Tanzania inavyokuwa na Waziri Mkuu bila Rais kupungukiwa na kitu. Tena alikuwa na ushahidi mbichi: wiki tatu nyuma Waziri Mkuu wenu Lowassa alijiuzulu, Pinda akashika nafasi, na Ikulu ikabaki pale pale. Annan angeweza kuyasema hayo mwenyewe, ila yangesikika kama somo la mgeni. Ujuzi wake ulikuwa kunyamaza na kumwachia mwenye mdomo unaofaa.

Kibaki na Raila walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya kamera, muuza kahawa wetu alisimama na dele mkononi akitazama televisheni, hata vikombe akasahau kuvigonganisha. Kahawa ilipoa, na hakuna aliyelalamika.

Sikufichi, mimi sikuipenda serikali ile. Tuliiita nusu mkate, na mawaziri 40 waliula hadi makombo, huku waliofukuzwa Bonde la Ufa wakilala mahemani. Lakini barabara zilifunguka, na nduguyo akaweza kupanda basi kwenda Nakuru kuzika.

Turudi kwenu. Kikwete wako ni shangazi yako wa Pangani. Yeye aligawana nyumba ya urithi na dadake, na hadi leo wanapikiana. Mwite mapema, mweleze yote, kisha wewe ukae kando umimine chai. Na yule binamu yako aliyesoma sheria, anayemtia babake maneno, siku hiyo mtume sokoni akanunue samaki. Mwambie achague kwa makini, asiharakishe.

Wasalimu wote nyumbani.

Ndugu yako wa Kibokoni