Umeweka valvu mpya, mbona amplifaya inanguruma?

Wateja wengi wanatuletea amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo zinazokuza sauti, wakisema "nimebadilisha valvu tu, sijagusa kingine", na shida iko hapohapo, kuna kitu kilitakiwa kiguswe, bayasi, yaani voltiji inayoamua valvu ivute umeme kiasi gani.

Valvu za pawa kama EL34 hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja, uzipe voltiji ileile kwenye gridi (waya wa ndani unaodhibiti umeme), moja itapitisha miliampea 32 na mwenzake 45. Kwenye amplifaya ya push-pull hizo mbili zinavuta huku na huku kwenye transfoma moja ya autoputi, ile inayopeleka sauti kwenye spika. Zikivuta sawa, sumaku ya huku inafuta ya kule na mngurumo wa pawa saplai nao unafutika, zisipolingana unasikia mmmmm kwenye spika hata muziki hujaweka, na besi inalegea. Ndo maana sisi tunauza kwa pea, zimepimwa kwa voltiji inayokaribia ile ya kazini kabisa.

Sasa usidhani pea ikishalingana basi bayasi haina kazi, hapana jamani, pea zima linaweza kulingana vizuri tu na bado likawa linavuta moto mwingi kwa amplifaya yako. Pleti ya EL34, sahani ya ndani inayopokea umeme, inavumilia wati 25, sisi tunalenga asilimia 70 hivi, yaani wati 17.5, gawa kwa volti 450 kama ndizo zilizoko kwenye pleti, unapata karibu miliampea 39. Tunasoma kwenye rezista ya omu 1 iliyoko kathodi (upande umeme unakoanzia ndani ya valvu), kila milivolti 1 ni miliampea 1, humo kuna miliampea chache za gridi ya skrini, ile gridi ya pili, tunazitoa. Ukishusha miliampea mno, muziki unakwaruza ukiusikiliza kwa sauti ndogo, ukipandisha mno pleti inaiva nyekundu kama kaa la moto. Tunaiacha ipate joto dakika 20 tunapima tena, maana ukigusa upande mmoja na wa pili unahama.

Kama yako ni ya bayasi ya kathodi, yaani inayojirekebisha yenyewe, haina hata skrubu ya kurekebisha, weka pea nzuri umemaliza. Valvu ndogo za 12AX7, zile zinazokuza sauti kabla ya valvu za pawa, ndo kabisa, chomeka tu.

Ila pleti ikiwa nyekundu hata baada ya bayasi, zima haraka, mara nyingi ni kapasita ya kaplingi, ile inayopitisha sauti kwenda kwenye gridi, inavuja. Na usifungue mwenyewe, ndani volti mamia zinabaki hata ukishachomoa waya ukutani. Ukija kwetu beba na valvu za zamani, nyingine huwa bado nzima kabisa.