Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kutathmini Mimea Adimu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Rasimu ya tathmini yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi. Umefanya kazi ya kuheshimika, lakini sentensi yako ya kwanza imenikaa kooni: "Mmea huu ni adimu, kwa hiyo uko hatarini kutoweka." Hiyo "kwa hiyo" ndiyo iliyonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu.

Mmea unaweza kuwa adimu tangu enzi na enzi bila kuwa hatarini. Ziko spishi zinazoota juu ya aina moja tu ya mwamba, kwenye vilele vichache, ambazo hazijawahi kuwa nyingi na wala hakuna kinachozipunguza. Vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga spishi kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, katika toleo la 3.1 la mwaka 2001 ambalo ndilo tunalolitumia, vinalizingatia hilo. Tazama kigezo B ulichokitegemea. Umeandika kwamba eneo la mtawanyiko wa mmea halifiki kilomita za mraba 5,000, ukaishia hapo na kuupa daraja la walio hatarini. Namba hiyo peke yake haitoshi. Ni lazima uthibitishe pia angalau mambo mawili kati ya matatu: kwamba mmea umesambaratika vipande vipande au uko mahali pasipozidi patano, kwamba unaendelea kupungua, au kwamba idadi yake hupanda na kushuka kupita kiasi. Wewe umeonyesha moja, na hilo nalo kwa nusu.

Kuhusu mahali, naona umehesabu nukta za kwenye ramani ukapata 11. Hapo wengi huteleza, nami niliteleza kabla yako. Katika tathmini, mahali si nukta. Ni eneo ambalo tukio moja la hatari linaweza kuidhuru mimea yote iliyomo kwa muda mfupi. Nukta zako sita zimejipanga kando ya mto mmoja, na wewe mwenyewe umetaja mpango wa kujenga bwawa chini yake. Maji yakipanda, zote sita zinazama pamoja, basi hizo sita ni mahali pamoja. Tano zilizobaki ziko kwenye miteremko inayolimwa shamba baada ya shamba, na kila moja ina mkulima wake, kwa hiyo huenda kweli zikawa mahali patano. Jumla ni sita, si 11, na kwa kuwa sita inazidi tano, mmea unashuka daraja moja. Usihuzunike kwa hilo. Daraja la juu si zawadi tunayoupa mmea kwa sababu tunaupenda.

Eneo linalokaliwa umelipima vizuri kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili, na sina la kuongeza.

Katika idadi, ondoa mimea 14 iliyopandwa bustanini, kwa kuwa tunahesabu iliyokomaa porini tu. Iliyokomaa ni ile inayoweza kuzaa. Miche haimo, na mbegu zilizolala ardhini hazimo. Kumbuka ile Encephalartos woodii ya Afrika Kusini, iliyogunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye. Bustani za mimea duniani zimeikuza kutoka kwenye machipukizi ya mmea mmoja tu wa kiume uliopatikana humo, na mmea wa kike haujaonekana hadi leo. Mtu anaweza kuiona ikistawi bustanini akadhani iko salama, kumbe imeorodheshwa kuwa imetoweka porini.

Sasa nikukirie kosa langu, kwa sababu naona unalielekea. Katika tathmini yangu ya awali kabisa nilizunguka siku nne nikitafuta mmea wa tunguu, sikuona hata jani, nikaandika kwamba haupo tena. Nilikwenda wakati wa kiangazi. Mwenzangu alipita palepale baada ya mvua akaukuta umechanua hatua chache kutoka mahali nilipopiga hema. Nawe umeandika "haukuonekana" kwa nukta mbili bila kutaja ulikwenda mwezi gani wala ulitafuta kwa saa ngapi, na msomaji hawezi kujua kama mmea haupo au ulikuwa umelala. Kutamka kwamba spishi imetoweka kunahitaji pasiwe na shaka yoyote ya maana. Hata wazoefu huumbuka: Erythrina schliebenii ya kusini mwa Tanzania iliwahi kuorodheshwa kuwa imetoweka, kisha miti yake ikapatikana ikiwa hai.

Ushahidi wako bora, ajabu ni kwamba umeuficha kwenye kiambatisho. Ni ile picha ya sampuli kavu ya zamani, yenye ua moja lililobanwa na karatasi na lebo ya wino uliofifia, ambapo mkusanyaji ameandika kwamba mmea ulikuwa mwingi pande zote mbili za njia. Wewe umepita njia hiyohiyo ukahesabu mitatu. Lebo hiyo haikupi asilimia, na usijaribu kuizulia, lakini inaonyesha kupungua, jambo ambalo ramani yako haikuweza kulionyesha. Ipandishe iwe kwenye aya ya pili.

Jambo la mwisho ni majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa mmea ulipo. Katika nakala itakayosomwa na watu wote, zifiche. Wapo wanaong'oa mimea ya namna hii kwa ajili ya kuuza, nao husoma tathmini zetu kwa makini kuliko tunavyodhani.

Rudi kwenye zile nukta mbili mvua zitakapokuwa zimenyesha wiki tatu, uandike tarehe, saa na idadi ya iliyochanua, hata kama ni sifuri. Nitaisubiri rasimu mpya, na penseli nimeshaichonga.

Mama yako.