Barua kwa mwanangu: ile darubini usiinunue

Mwanangu Rehema,

Sisi huku Tanga hatujambo. Uvimbe wa mguu wa bibi yako umepungua, na mama yako anasema mzigo wa basi uufuate siku hiyo hiyo, kuna samaki wa kukaanga ndani.

Picha ya darubini uliyonitumia niliitazama katika duka langu la miwani mpaka mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikaona nisikujibu kwa simu, maana hizi ni fedha ulizojinyima tangu muhula uliopita. Nakuomba, ile usiinunue.

Kwenye boksi wameandika kwa herufi nene kwamba inakuza mara 525. Namba hiyo ukiifuatilia utaona ilikotoka. Lenzi kubwa ya mbele ina fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi mwanga unapokutana, ya milimita 700. Lenzi ndogo ya jichoni waliyoitia ni ya milimita 4. Gawanya, unapata 175. Wakaongeza kile kipande cha kuzidisha mara tatu, ndiyo 525. Hesabu haina kosa, ila lenzi haiwezi kuubeba mzigo huo. Darubini hustahimili kukuza mara mbili hivi kwa kila milimita ya upana wake, na hiyo ina milimita 70. Mwisho wake basi ni 140, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Ukivuka hapo unapata doa kubwa lenye giza, linachezacheza kama sarafu chini ya maji. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliiona miezi minne inayoizunguka sayari ya Mushtarii mnamo Januari 1610 kwa chombo kilichokuza mara 20 tu.

Unaikumbuka darubini ya kaka yako? Nilimnunulia alipomaliza darasa la saba. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja, kuziona pete za sayari ya Zohali. Tuliisimamisha uani, na kila akigusa bomba ili alisogeze, nyota inaruka inapotea. Miguu yake ilikuwa ya bati jembamba, upepo wa bahari ukipita tu inatetemeka. Usiku wa tatu akaniuliza, "Baba, kwani macho yangu mabovu?" Nikampima asubuhi yake, yalikuwa mazima kabisa. Hakuuliza tena habari za nyota, na jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote hii.

Juzi, baada ya picha yako, niliitoa kabatini nikaifungua juu ya meza ya kazi. Lenzi imeota kuvu ukingoni. Hiyo ni hewa yetu ya pwani, siwalaumu waliotengeneza. Lakini ndani ya bomba, kama sentimita kumi nyuma ya lenzi, nilikuta pete nyeusi ya plastiki imegandishwa. Nikalipima tundu lake: milimita 33, sawa na kizibo cha soda. Na juu ya boksi wameandika 60! Lenzi yenyewe ni mbovu, ukingoni inatawanya rangi, na pete ile iliwekwa ili kuuficha ubovu huo. Mwanangu alikuwa akiitazama mbingu kupitia tundu la kizibo, nami fundi miwani nisijue, kwa sababu sikuwahi kuchungulia ndani.

Kwa hiyo yoyote utakayoishika, toa kwanza lenzi ya jichoni, uchungulie ndani ya bomba tupu. Ukingo wa lenzi ya mbele lazima uuone wote, duara zima. Kisha uirudishe lenzi, uelekeze mnara wa simu ulio mbali, ugonge bomba kwa kidole na kuhesabu. Mnara ukiendelea kutetemeka baada ya sekunde tatu, mrudishie mwenyewe.

Unachonunua ni upana, mama, kwa sababu upana ndio unaokusanya mwanga. Mimi ningependa uchukue ya kioo cha kuakisi badala ya lenzi, ya milimita 130, ile fupi inayokaa juu ya kitako cha mbao na kuzunguka. Hiyo hukusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya ile ya picha, na kwenye basi unaipakata. Vitako vya namna hiyo vilienezwa na John Dobson, mtawa wa San Francisco, aliyekuwa akisugua vioo vyake kutokana na vioo vya madirisha ya meli, kisha anasimama njiani kuwaonyesha wapita njia mwezi. Unaisukuma kwa mkono, basi. Fokasi yake ikiwa milimita 650, kwa lenzi ya jichoni ya milimita 10 utakuza mara 65, na pete za Zohali utaziona waziwazi.

Muuzaji akikusifia ile yenye mhimili wa chuma na jiwe la kusawazisha, mkatalie kwa upole. Mhimili ule unapaswa kuelekea ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na hapo Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ncha hiyo iko chini karibu na upeo. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa mtu wa Ulaya. Ukiulaza mhimili kiasi hicho, jiwe linagonga miguu.

Ukikuta ndani ya boksi kijikioo cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya jichoni ili utazame jua, kitupe. Joto lote hukusanyika hapo, nacho hupasuka wakati jicho lako liko nyuma yake. Sehemu ya ndani ya jicho haisikii maumivu, mtu huungua asijue. Wamewahi kukaa kwenye kiti changu watu wa namna hiyo, na miwani haiwasaidii.

Kwa sasa nimekutilia kwenye mzigo darubini yangu ya macho mawili, ya 7x50, yaani inakuza mara 7 na lenzi zake zina upana wa milimita 50. Egemeza viwiko ukutani ili isitikisike. Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, utazame ukiwa nusu, pale mwanga unapokutana na giza ndipo mashimo yanapotoa vivuli. Julai hii mbingu ya huko ni kavu. Nenda na wenzako mbali na taa, mtazame kundi la nyota la Nge likiwa juu ya vichwa vyenu. Alfajiri kitafute Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota, mashariki. Bibi yako kwa macho matupu huhesabu nyota sita, lakini kwa darubini hiyo utashindwa kuzimaliza. Yeye ameniagiza nikwambie ule msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.

Nimemwambia fundi seremala achonge kigoda cha mninga cha kuwekea hiyo ya kioo utakapoipata. Nimetaka kiwe cha miguu mitatu, kisiyumbe hata kwenye ardhi yenye mabonde. Nitakileta Agosti nikija. Nataka na kaka yako aje, sijamwambia bado kwa nini.

Baba yako