Kompyuta Inaganda Ukifungua Folda Moja? Itilie Shaka Diski

Wateja wengi hutuletea kompyuta wakiamini imeingiwa na virusi. Inafanya kazi vizuri, lakini ukifungua folda fulani inaganda nusu dakika au zaidi, kisha inaendelea. Mara nyingi tunakuta ni diski inayokufa.

Programu haisomi diski moja kwa moja. Huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwenye Linux, mojawapo ya mifumo endeshi, kerneli hutazama kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na data ikiwamo humo diski haisumbuliwi. Isipokuwamo, kerneli huandaa ombi: lianzie sekta gani (sekta ni kipande kidogo cha diski), lisome kiasi gani, data iwekwe wapi. Maombi ya sekta zinazopakana huunganishwa, kisha hupangwa foleni. Kipangaji kiitwacho mq-deadline huyapa ya kusoma kikomo cha milisekunde 500 na ya kuandika sekunde 5, maana anayesoma huwa amekaa anasubiri jibu. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kerneli kuongea na kifaa, huligeuza ombi kuwa amri ambayo diski inaielewa. Diski ya SATA, njia ya kuunganisha diski iliyozoeleka, hupokea amri zisizozidi 32 kwa pamoja. Za NVMe, njia mpya na ya kasi zaidi, zina foleni nyingi.

Sasa sekta ikiharibika, diski yenyewe hurudia kuisoma, tena na tena, bila kumjibu mtu. Kwa diski za SATA, kerneli kwa kawaida husubiri sekunde 30 ndipo ihesabu kwamba amri imekwama. Hapo huiwasha upya njia ya mawasiliano na diski, kisha hutuma amri tena. Muda wote huo programu iliyoomba imelala usingizi ambao hata ukiilazimisha kufunga haifungi, na nyingine zinazohitaji diski hiyo hiyo zinakwama nyuma yake. Kuganda kwenyewe ni huko.

Kwa hiyo tunakusihi: usizime na kuwasha mara kwa mara, wala usiendeshe programu ya kurekebisha diski. Programu hizo huichosha diski iliyo dhaifu, na huandika juu yake wakati bado hujanakili kitu. Izime, uilete. Sisi huanza kwa kunakili diski nzima kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi na kuyarudia yaliyo sugu mwishoni. Urekebishaji wowote tunaufanya kwenye nakala.

Ukija, tuambie ni folda gani iliyokuwa ikigandisha na faili zipi unazihitaji kwanza.