Folda za vyama vya msingi zisiachwe wazi kwa kila mwenye linki

Ndugu Mhariri,

Vyama vingi vya msingi vya ushirika wa wakulima hapa Mtwara na Lindi sasa huweka daftari la wakulima, stakabadhi za ghala na orodha za malipo ya korosho kwenye folda moja ya Google Drive, kisha linki inatupwa kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Kazi inakwenda haraka, hilo hatulipingi. Ila folda ikiwekwa iwe ya "yeyote mwenye linki", mfumo hauulizi mtu jina wala barua pepe. Linki ikivuja ikamfikia mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa mkulima nje ya mfumo rasmi, anasoma nani ana kilo ngapi, simu yake na akaunti yake ya benki.

Katibu afungue folda, aende sehemu ya kushiriki na abadili ufikiaji wa jumla uwe wa walioalikwa tu. Kisha aandike barua pepe za wahusika mmoja mmoja. Ngazi ni tatu: mtazamaji, mtoa maoni na mhariri. Mjumbe wa bodi anayetaka kuona tu, utazamaji unamtosha. Uhariri ubaki kwa karani anayeingiza mizani na katibu mwenyewe. Tena mhariri haishii kurekebisha tarakimu: asipozuiwa, anaweza kumwalika mtu mwingine bila kumuuliza yeyote. Kwenye kompyuta, dirisha la kushiriki lina alama ya gia. Bonyeza hapo uondoe tiki inayowapa wahariri uwezo wa kubadili ruhusa.

Ruhusa hurithiwa. Aliyepewa folda kuu huona na zilizomo ndani yake, kwa hiyo akaunti za benki zikae kwenye folda nyingine kabisa, nje ya ile kuu. Kuibatiza folda ya ndani jina "SIRI" hakuzuii kitu.

Kinachosahaulika zaidi ni umiliki. Faili ni mali ya akaunti iliyolitengeneza, hata likiwa ndani ya folda ya chama. Karani wa msimu aliyetumia Gmail yake binafsi akilifuta, hukaa kwenye taka siku 30, baada ya hapo ndiyo basi. Hata asipokuwa na nia mbaya, akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Chama kiwe na akaunti yake, yenye uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na namba inayotumwa kwenye simu) kwa laini ya ofisi, na mafaili yote yaanzie humo.

Pale ambapo mambo yameshaharibika, karani asiage kabla ya makabidhiano. Kwenye kompyuta, ingia kwa akaunti ya chama, andika owner: ikifuatiwa na barua pepe ya karani kwenye sehemu ya kutafutia, na mafaili yake yaliyoshirikishwa chama yatajitokeza. Karani ahamishe umiliki wa kila faili. Akihamisha wa folda peke yake, mafaili ya ndani hubaki yake, na wengi hukwama hapo. Kwa akaunti za bure, upande wa chama lazima ukubali ombi ndipo uhamisho ukamilike. Baada ya hapo mwondoe kwenye folda kuu, halafu kagua mafaili aliyoalikwa moja kwa moja, maana kumtoa kwenye folda hakumtoi huko. Na kama linki bado ni ya yeyote, kumtoa ni kazi bure. Nakala alizokwisha kupakua hazirudi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Maafisa ushirika wanaokagua vitabu vya chama tunawaomba, kabla minada ya korosho haijaanza, wafungue na orodha ya ruhusa za folda na kuuliza kila jina lililomo linafanya nini.

Wadau wa TEHAMA,
Masasi, Mtwara