Barua ya wazi kwa Baraza la Vyombo vya Habari: ukali wa Dusit uliishia wapi?

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, Nairobi.

Bwana Mkuu,

Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 lililoua watu 21, gazeti la Marekani la New York Times lilichapisha picha ya waliouawa wakiwa wameinamia meza za mkahawa. Wakenya walichemka, nanyi hamkukawia: mlilipatia gazeti hilo saa 24 liondoe picha na kuomba radhi, la sivyo vibali vya wanahabari wake viwe mashakani. Watu wakauliza mbona maiti za Wamarekani hatuonyeshwi hivyo. Swali zuri. Ila tulipomaliza kuwauliza wageni, hatukujiuliza sisi.

Ikitokea ajali ya matatu, polisi hawajafika, simu zimeshainuliwa. Kufikia jioni picha imezunguka magrupu ya WhatsApp, kisha inatua kwenye ukurasa wa chombo kinachojiita cha habari, uso haukufunikwa, juu yake pameandikwa "picha za kuogofya". Onyo hilo, kwa maoni yangu, ni tangazo la biashara. Mtu anamtambua kakake kwa shati aliloondoka nalo asubuhi, na hakuna aliyempigia simu.

Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilisema picha za majonzi na maafa zisipendelewe, na za miili iliyoharibika ziepukwe isipokuwa kwa maslahi ya umma. Mhariri anayesaka wasomaji anajua upenyo ulipo.

Siombi pazia. Baada ya al-Shabaab kushambulia kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, mwaka 2016, serikali ilikataa kutaja idadi ya wanajeshi wetu waliouawa. Juni 25, 2024, waandamanaji walipopigwa risasi nje ya Bunge, bila kamera tungebaki na taarifa ya polisi tu. Picha za namna hiyo ni ushahidi, na atakayeitumia barua hii kuzizima amenisoma kinyume.

Ninachoomba ni kidogo: uso wa marehemu wa ajali au shambulio usichapishwe kabla jamaa zake hawajaarifiwa, na chombo cha hapa nyumbani kikikiuka, kipewe saa 24 kama walivyopewa Wamarekani. Tume ya Malalamiko ipo. Msingoje mfiwa aje kulalamika. Wiki hiyo yuko mochari, au kwenye mkutano wa kuchangisha pesa za mazishi. Fungueni faili wenyewe.

Wenu,
Msomaji, Nairobi